Mkaa wa Vibuyu vya Mama

Jumatatu, 3 Machi

Lebo tangu saa mbili asubuhi. Namba kwenye kifuniko, namba ile ile ubavuni mwa chupa. Ya kifuniko peke yake haitoshi, vifuniko hubadilishana. Chupa za maji, za mkojo, za maziwa. Wesley, dereva wetu, amesema nabandika kama mama anayevalisha watoto wa kwenda kanisani. Nimecheka kidogo. Nikikosea namba moja, mtu mzima atapewa ugonjwa wa mtu mwingine. Hilo halinichekeshi.

Ofisi yetu ni vyumba viwili hapa Bomet mjini, juu ya duka la mbolea. Daktari Nyaboke anatafuta sumu zinazoingia mwilini kupitia maji na chakula, na magonjwa yanayofuata. Amechagua nyumba thelathini upande wa Chepilat, kwetu. Yeye huona namba tu. Majina yako kwenye daftari, daftari liko kwenye droo yangu, ufunguo uko shingoni mwangu. Ndiyo kazi yangu. Kuandika, kubandika, kufunga.

Nyumba namba 17 ni yetu. Mama alikuwa wa kwanza kukubali, kwa sababu niliyemwomba ni mimi.

Nimefunga droo. Nimerudi kuangalia. Nimerudi tena.

Jumatano, 5 Machi

Majibu ya chupa za kwanza yamefika kutoka maabara ya Nairobi. Daktari ameyasoma akiwa amesimama. Halafu ameketi akayasoma tena.

Maji ya visima ni safi. Mboga si mbaya. Lakini maziwa ya nyumba nne yana aseniki. Si kidogo. Amenionyesha kwa kalamu: 17, 19, 22, 26. Maziwa mabichi ya ng'ombe hao hao hayana kitu. Ni mursik tu, maziwa yanayogandishwa kwenye kibuyu.

Daktari anatoka upande wa Nyamira, mursik anaijua ya kunywa kwa wenyeji, haijui ya kutengeneza. Ameniuliza kama kuna kitu kinachoongezwa. Nimesema mkaa wa senetwet, mti wetu wa kutayarishia vibuyu, tangu zamani. Amefungua fomu. Kuna swali: kibuyu hutayarishwa kwa mti gani? Nyumba thelathini, jibu moja: senetwet. Amesema kama wote wanatumia mti mmoja na nyumba nne tu ndizo zenye shida, basi mti hauna hatia. Amelikata swali hilo kwa mstari.

Hajauliza 17 ni nani. Hataki kujua mpaka tupime mara ya pili.

Mimi najua. Na nilipofungua daftari nikajua zaidi. 19, 22 na 26 ni majirani wanaopata mursik kwa Mama.

Sijala chakula cha mchana.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefika nyumbani saa kumi. Mama alikuwa ametoka kuchuma majani ya chai, kikapu bado mgongoni. Nilimwangalia mikono kabla ya uso. Viganja vimekuwa vigumu, vina vinundu kama punje za mahindi. Mikononi ana madoa, mengine meusi, mengine meupe, kama matone ya mvua kwenye vumbi. Yalikuwepo Krismasi? Sikumbuki. Nilikuwa na simu mkononi Krismasi yote.

Nimemuuliza. Amesema ni chai na uzee, na kwamba niliposoma sana nilisahau mikono ya mtu anayefanya kazi inafanana vipi.

Amenimiminia mursik. Nimesema tumbo linaniuma. Ameangalia kikombe, ameniangalia mimi, akakinywa mwenyewe chote nikiona.

Halafu akaanza kutayarisha kibuyu kwa maziwa ya kesho. Nimeona kazi hii tangu nizaliwe na leo ndiyo mara ya kwanza nimeitazama. Kibuyu kimeoshwa, kimekauka. Anachoma kijiti mpaka ncha inakuwa kaa jekundu. Anakiingiza ndani anasugua, anazungusha, mpaka ukuta wote wa ndani unakuwa mweusi unaong'aa. Vumbi lililozidi analikung'uta. Mkaa huo ndio unaoyapa maziwa rangi ya majivu na harufu ile ambayo watu wetu wakiwa mbali wanailia.

Kijiti hakikuwa senetwet. Kilikuwa kipande cha mbao kilichopasuliwa kwa panga, kimenyooka mno, na upande mmoja kina rangi ya kijani iliyopauka.

Nimeuliza senetwet iko wapi. Amesema, "Senetwet gani? Si tuling'oa ile ya mwisho ukiwa kidato cha tatu, tukapanda chai mpaka kwenye ua?"

Basi mbona kwenye fomu iliandikwa senetwet? Kwa sababu niliiandika mimi. Sikumuuliza. Hakuna anayeuliza. Ukimuuliza mwanamke wa kwetu anatumia mti gani atasema senetwet hata kama anatumia mguu wa kiti, maana kusema vingine ni kusema kibuyu chako ni kichafu. Na mimi, mwenye diploma, nilijaza nikiwa ofisini, kwa mkono wangu, kama mtu anayejaza jina la nchi.

Kipande kile nakijua. Nilifanya kazi miaka miwili kwenye yadi ya nguzo kabla ya kuja kwa Daktari. Nilikuwa karani wa lango. Nguzo za stima na posti za ua zinalowekwa kwenye dawa ili mchwa asizile. Dawa yenyewe ni shaba, kromu na aseniki. Iliandikwa kwenye mapipa. Nilikuwa naipokea na kuiandika kwenye rejista. Vipande vilivyokatwa miishoni mwa nguzo tuliruhusiwa kubeba siku ya Ijumaa. Mimi nilibeba kila Ijumaa. Mama alifurahi. Alisema ni kuni ngumu, mkaa wake ni mweusi kuliko senetwet.

Ni mimi.

Jumamosi, 8 Machi

Rundo liko nyuma ya ghala, limefunikwa kwa nailoni vizuri, hakuna tone linaloingia. Mama huhifadhi vitu. Vipande bado ni vingi. Nimesimama mbele yake mpaka kuku wakanizunguka wakidhani nimeleta chakula.

Kuna jambo jingine. Jumamosi ya tarehe 22 ni koito ya mjukuu wa Mzee arap Koros, jirani yetu. Wageni wa upande wa mume wanatoka Kabianga kuja kukubaliana mahari, na koito bila mursik si koito. Familia imemwomba Mama alete. Vibuyu kumi na kimoja. Amevipanga ukutani kama wanakwaya. Hata vya zamani vya nyanya yangu ameviteremsha. Sijamwona na furaha hivi tangu Baba afariki.

Nilijaribu wakati wa chai. Nilisema, "Mama, hizi kuni za yadi si nzuri."

Akasema, "Ulizileta wewe."

"Zina dawa."

"Ndiyo maana mchwa hawazili," akasema, akacheka, akaniongezea sukari.

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Sentensi moja zaidi tu. Niliogopa uso wake ungekuwaje. Nikanywa chai.

Jumatatu, 10 Machi

Daktari ameagiza nyumba zile nne zipimwe tena. Mursik tu, chupa mpya, herufi B mbele ya namba. Wesley atazileta Jumatano.

Siku nzima nimefanya kazi kama kawaida. Hilo linaniogopesha. Kwamba mtu anaweza kuwa na kitu kama hiki ndani na bado akajaza safu za kompyuta bila kukosea.

Nimefikiria yatakayotokea nikisema. Mama ataitwa mwenye sumu. Si kwa siku moja. Huku kwetu neno hilo likikupata linapita kwa watoto wako. Nimefikiria yatakayotokea nisiposema. Nikaacha kufikiria, nikaenda kununua wino.

Jumatano, 12 Machi

Naandika hili kwa sababu nisipoliandika nitaanza kujiambia halikutokea.

Wesley aliweka chupa nne mezani saa tano, akaenda kutafuta chapati. Daktari alikuwa kwenye mkutano wa wazee. Nilichukua 17B. Maziwa ya rangi ya majivu, vumbi jeusi limetulia chini. Nilishuka dukani nikanunua maziwa lala ya pakiti, yaliyokwisha ganda. Nikamwaga ya Mama kwenye choo cha nyuma. Nikaosha chupa mara tatu. Nikatia yale ya pakiti, nikakwangua makaa ya jiko la mama anayeuza chai pale chini, kidogo sana, nikatikisa. Rangi ikakaribia. Lebo haikuguswa. Namba kwenye kifuniko, namba ile ile ubavuni.

Wesley aliporudi alisema, "Madam karani, leo umefanana na mtu aliyeona polisi." Nikamwambia ni njaa. Akanigawia chapati yake nusu. Nikaila.

Chupa zimeondoka kwenda Nairobi na basi la saa nane.

Mimi niliyeogopa kukosea namba moja.

Ijumaa, 14 Machi

Mama amepiga simu. Mzee arap Koros amepelekwa Longisa, hospitali kubwa. Kwa wiki kadhaa amekuwa akisema nyayo zinawaka kama amekanyaga majivu ya moto. Juzi ameanza kutapika. Jana asubuhi hakuweza kusimama.

Mama humpelekea mursik kila asubuhi. Tangu mwaka juzi. Hamlipishi, kwa sababu Mzee ndiye aliyetuchimbia kaburi la Baba wakati ndugu wa Baba walikuwa bado wanabishana njiani.

Nimemwambia asimpelekee hospitalini. Akauliza kwa nini. Nikasema madaktari hawataki. Akasema, "Madaktari wa wapi? Nimewauliza wakasema anywe chochote kinachokaa tumboni."

Amempelekea jana jioni. Atampelekea kesho.

Nikasema, "Mama, tafadhali." Halafu akauliza kama nina mimba.

Nilicheka. Nikakata simu, nikaendelea kucheka mpaka ikawa si kicheko.

Jumapili, 16 Machi

Sikwenda nyumbani. Sikwenda kanisani. Nimesoma juu ya aseniki kwenye vitabu vya Daktari. Viganja vigumu. Madoa meusi na meupe. Nyayo kuwaka. Tumbo. Baada ya miaka, saratani. Vitabu vinasema mambo haya kwa utulivu sana.

Nimejiangalia viganja dirishani. Vyangu ni laini. Mimi hunywa ya pakiti huku mjini.

Nimepiga simu nyumbani asubuhi na mchana kuuliza Mama amempelekea Mzee nini. Leo ni uji tu, maziwa yote yanawekwa kwa ajili ya koito. Nilishukuru Mungu. Halafu nikaona ninachoshukuru.

Jumanne, 18 Machi

Majibu ya pili. 19, 22 na 26, aseniki ile ile. 17, hakuna.

Nilidhani nitapumua.

Daktari amesema basi lile jibu la kwanza la 17 lilikuwa kosa la maabara. Amekaa na karatasi muda mrefu. Kisha akasema zimebaki nyumba tatu, na bila shaka sumu inatoka ndani ya nyumba zenyewe. Anashuku pampu za dawa ya shamba zinaoshwa karibu na vyombo. Ataenda Jumatatu kuwaeleza wanawake wa nyumba hizo waache kila wanachofanya jikoni mpaka ijulikane ni nini. Nikamwona mama wa 22 kichwani. Mume wake ni mtu wa mkono mwepesi wa kupiga. Ataambiwa kwamba jikoni kwa mke wake kuna sumu.

Na atakapoacha kila kitu chake, atafuata maziwa wapi? Kwa Mama.

Nilienda msalani nikakaa na mlango umefungwa. Nilifikiri uoga wangu ulikuwa unamlinda mtu. Haumlindi yeyote. Unahamisha tu hatari.

Koito ni Jumamosi.

Jumatano, 19 Machi

Nilikwenda mlangoni pa Daktari mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa kwenye simu. Mara ya pili nikauliza kama anataka chai. Mara ya tatu nikamletea chai.

Alhamisi, 20 Machi

Nimesema.

Niliingia kabla hajavua koti, nikaweka daftari na ufunguo mezani, nikasema nikiwa nimesimama maana nikiketi ningebadilika. 17 ni Mama. Mkaa si senetwet, ni wa vipande vya nguzo zilizotiwa dawa. Fomu niliijaza bila kuuliza. 17B niliimwaga. Kuna vibuyu kumi na kimoja vimejaa na vitanywewa kesho kutwa.

Daktari hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Aliuchukua ufunguo akautia mfukoni. Akauliza, "Kuna mgonjwa?" Nikamwambia Mzee arap Koros. Akapiga simu Longisa hapo hapo, akaongea na daktari wa wadi, akamwambia apime nini. Alikuwa ananiangalia wakati wote wa simu.

Halafu akauliza, "Kuni hizo Mama alizipata wapi?"

Nikasema, "Alinunua."

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Nilikuwa nimeshatoa yote, limebaki moja, na hilo moja likakataa kutoka. Akaliandika. Nikamwona akiliandika.

Amesema kesho twende sote.

Ijumaa, 21 Machi

Mama alidhani Daktari amekuja kumsalimia. Alitoa viti vya sebuleni akaviweka nje kwenye nyasi, akafuta kimoja kwa kanga. Wesley akaketi akiwa ameshika kofia. Mama akaleta kibuyu na vikombe.

Daktari alikipokea kikombe kwa mikono miwili. Hakunywa. Akakiweka kwenye nyasi taratibu, akasema, "Mama, samahani. Nimekuja kwa ajili ya haya maziwa."

Akaeleza kwa Kiswahili chepesi. Dawa ya mchwa. Mbao "ulizonunua", akasema, na Mama hakumsahihisha. Mkaa. Viganja. Aliushika mkono wa Mama akaugeuza, akamwonyesha vinundu, na Mama akaviangalia kama ndiyo mara ya kwanza anakutana navyo. Hakuniangalia mimi.

Akauliza, "Yote?"

"Yote, Mama. Na vibuyu pia."

"Vibuyu vinaweza kuoshwa."

"Hivi haviwezi."

Ng'ombe akalia zizini, hakuna aliyegeuka. Halafu Mama akauliza, "Na Mzee?"

Daktari akasema wanamtibu. Akasema hawezi kuahidi.

Maziwa hayamwagwi ovyo kwetu, na Mama alitaka kuchimba shimo mahali ambapo hapapitwi. Daktari akamwambia hata ardhi haifai kuyapokea, yataingia kisimani. Amekuja na madumu. Basi Mama akamimina mwenyewe, kibuyu kimoja kimoja, hakukubali Wesley amsaidie. Alipofika kwenye vya nyanya alifuta midomo ya vibuyu kwa kitambaa baada ya kumimina, kama vinavyofutwa vikitaka kuhifadhiwa. Wesley akavibeba mpaka garini, pamoja na rundo lote la nyuma ya ghala. Safari nane. Nilibeba nami. Vipande ni vizito kuliko nilivyokumbuka.

Kisha Mama akavaa kitambaa cha kichwa akaenda kwa kina Koros. Nilimfuata. Wanawake walikuwa wanachambua mchele kwa ajili ya kesho. Kogo, mke wa Mzee, bibi wa miaka mingi, alikuwa amekaa katikati.

Mama alisema akiwa mlangoni, hakuingia. "Maziwa yangu yalikuwa na sumu. Sikujua. Mzee nilimpa mimi. Kesho sileti kitu."

Mchele ukaacha kuchambuliwa. Mmoja akasema, hakumwambia mtu yeyote, "Na yule wa kwake ana kazi ya kupima sumu." Mwingine akacheka puani. "Sasa wageni wa Kabianga tutawapa soda na maji ya chupa?"

Kogo akasema, "Na wewe mwenyewe umekunywa?"

"Kila siku."

"Basi ingia ukae. Unasimama mlangoni kama mtu wa kodi."

Mama akaingia. Mimi nilibaki nje.

Jumamosi, 22 Machi

Koito imefanyika. Wageni wamekunywa maziwa ya pakiti kwenye vikombe vya bati na hakuna aliyekufa kwa aibu. Mama alikwenda. Wanawake wawili walihama benchi alipoketi. Mmoja akarudi baadaye, akasema kule kulikuwa na jua.

Daktari ametuma ujumbe. Vipimo vya Mzee vimethibitisha. Ameanza dawa. Amekula uji na umekaa. Nyayo bado.

Mama hajaniuliza lolote. Anajua nani alileta kuni. Anangoja. Naogopa kungoja kwake kuliko Longisa.

Jumatatu, 24 Machi

Fomu ya 17 ilitakiwa kujazwa upya. Daktari alitaka kuijaza mwenyewe, Mama akasema ataongea na mtu wake au haongei. Basi tuliketi watatu jikoni. Daktari kando, Mama kwenye kigoda, mimi na kalamu. Mvua ilikuwa inanyesha, nyepesi.

Nilimuuliza kama ninavyowauliza wote. Jina. Umri. Watu wangapi wanakula hapa. Alijibu kwa adabu, kana kwamba ametoka mbali kuja kuniona. Kibuyu hutayarishwa kwa mti gani? Akasema, "Vipande vya nguzo." Nikaandika.

Swali linalofuata Daktari aliliongeza kwa mkono. Kuni zilitoka wapi?

Mama alimwangalia Daktari, halafu mimi. Alikuwa amesikia Ijumaa kwamba nilisema zilinunuliwa. Akasema, "Nilinunua kwa mtu sokoni Chepilat. Simjui jina. Andika hivyo."

Alisema vizuri, bila kupepesa. Nisingemjua ningemwamini.

Nilishika kalamu. Nilifikiria yadi siku ya Ijumaa, foleni yetu langoni, kila mtu na gunia lake. Mlinzi. Wapasuaji wa mbao. Mama wa jikoni. Wote wana nyumba, na nyingi zina vibuyu. Kama kuni zilitoka kwa mtu asiyejulikana sokoni, basi hakuna wa kufuata.

Nimeandika: Zililetwa na binti yake, kutoka yadi ya nguzo alikokuwa karani, kila Ijumaa kwa miaka miwili.

Nikamsomea Mama. Akainama, akapuliza moto, ingawa ulikuwa unawaka.

Nikampa Daktari fomu. Aliisoma, akaikunja mara moja. Hakuniambia kama kazi yangu ipo. Alitoa karatasi tupu kwenye faili akaiweka mbele yangu. "Wengine waliobeba," akasema. "Na wanakoishi."

Nimeandika majina. Nilipokwama kwenye la yule mpasuaji mwenye kigugumizi, Mama akanitajia. Alimkumbuka kwa sababu siku moja alinisaidia kubeba gunia mpaka nyumbani, na alipewa mursik.

Nimeandika na hilo pia. Tunaanza kwake kesho asubuhi.